Mwenzangu wa nyumba halipi kodi na hakuwahi kutia sahihi popote: nimwondoe vipi?

Mpangaji wa Kisaasi:

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Kisaasi, hapa Kampala, katika nyumba ya vyumba viwili vya kulala na sebule, niliyoipanga kwa mkataba wa maandishi wenye sahihi yangu na ya mwenye nyumba tu. Kodi ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Baada ya muda niliona mzigo huo unaulemea mshahara wangu, nikamkaribisha mwenzangu niliyesoma naye sekondari kule Arua, ambaye alikuwa amepata kazi mjini lakini hana pa kulala. Tulikubaliana kwa WhatsApp kwamba atachangia 250,000 kila mwezi, kwa kuwa chumba chake ni kidogo kuliko changu, na kwamba tokeni za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, na maji tutagawana nusu kwa nusu. Hatukuandika kitu kingine, kwani kati ya watu waliokula posho ya bweni moja, kutoa karatasi na kalamu kungeonekana kama kumtukana mtu.

Alilipa miezi minne bila matatizo. Katika miwili kati ya hiyo nilikuwa nyumbani msibani, nikamwomba atume fungu lake moja kwa moja kwenye simu ya mwenye nyumba, naye akatuma. Tangu hapo imepita miezi mitano bila hata shilingi moja. Kwanza alisema mshahara umechelewa, kisha akasema kazi imekwisha, na siku hizi hasemi lolote. Huingia usiku, hujifungia chumbani mwake kwa ufunguo ambao anao yeye peke yake, na asubuhi nikiamka ameshatoka. Kodi yote nimekuwa nikilipa mimi, kwa sababu mwenye nyumba ananijua mimi. Nilipomwambia atafute mahali pengine, alinijibu kwamba sina mamlaka ya kumwondoa kwa kuwa mimi pia ni mpangaji kama yeye.

Nilikwenda polisi, nikaambiwa kwamba hilo ni jambo la madai wala si jinai, nianzie kwa LC, yaani halmashauri ya mtaa. Naomba kujua: kwa kuwa hakutia sahihi popote, naweza kubadilisha kitasa akiwa hayupo? Je, zile mara mbili alizomtumia mwenye nyumba fedha zimempa haki yoyote? Na deni langu nitalidai wapi? Mama yake na mama yangu husali pamoja, kwa hiyo natafuta njia ambayo sitaona haya kuieleza nikiulizwa nyumbani.

Mkazi wa Najjera:

Ndugu yangu, unajichosha bure. Nilipopatwa na mgeni wa namna hiyo, nilingoja atoke, nikamwita fundi, nikabadilisha kitasa, na mabegi yake nikayaacha kwa askari wa getini. Jioni alikuja, akapiga kelele kama nusu saa, kisha akaenda zake. Mtu asiye na mkataba hana cha kukushitakia.

Karani Mstaafu:

Kwa heshima zote kwa ndugu wa Najjera, njia yake ilimfaa kwa sababu mgeni wake hakujua pa kwenda. Nimekuwa karani katika mahakama ya hakimu kwa miaka mingi, na madai mengi niliyoyaona yakimgeukia mwenye haki yalianza na fundi wa vitasa.

Nianze na hili la sahihi, maana ndilo linalowapoteza wengi. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 haisemi kwamba upangaji huzaliwa kwa karatasi tu. Makubaliano yanaweza kuwa ya maandishi, ya mdomo, au yakaonekana katika mwenendo wa watu wenyewe, mmoja akilipa na mwingine akipokea. Ni pale thamani inapofikia pointi 25 za fedha, kipimo ambacho sheria zetu hutumia kutaja kiasi, ambazo ni shilingi 500,000 kwa kuwa kila pointi ni 20,000, ndipo sheria inapotaka maandishi, na hata hapo ujumbe wa kielektroniki unakubalika. Kwa hiyo zile jumbe zenu za WhatsApp, ambazo wewe unaziona kama mazungumzo ya vijana, zinaweza kusomwa mbele ya hakimu kama makubaliano. Usizifute, na usibadilishe simu kabla ya kuzihifadhi mahali pengine, kwani ndizo pia zitakazothibitisha kwamba alikubali 250,000 na si kwamba ulimkaribisha bure.

Swali lenye uzito ni kama mtu huyu ni mpangaji wako mdogo, yaani aliyepanga kutoka kwako, au ni mtu anayekaa kwa ruhusa yako tu. Sheria yetu ya Mahakama inaruhusu kanuni za sheria ya Kiingereza inayotokana na hukumu za majaji (common law) zitumike pale ambapo sheria iliyoandikwa haijasema, na kanuni inayofuatwa sana katika jambo hili inatoka katika kesi ya Street dhidi ya Mountford, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1985: mpangaji ni yule aliyepewa mahali pa kumiliki peke yake, kiasi kwamba anaweza kuwafungia nje watu wote, hata aliyempa. Anayeshiriki nyumba na mwenyeji wake, akitumia jiko na sebule hiyohiyo, kwa kawaida ni mwenye ruhusa tu, na ruhusa huondolewa kwa kumpa muda wa kutosha wa kuhama. Kama mwenzako angekuwa analala sebuleni kwenye godoro, ningekuambia bila kusita kwamba ni mwenye ruhusa. Lakini umesema ana chumba chake, kina kitasa, na ufunguo anao yeye peke yake. Hapo wakili wake atapata pa kusimama.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu ni kwamba umtendee kama mpangaji hata kama unaamini si mpangaji. Ukimpa notisi ya mwezi mzima naye akaonekana baadaye kuwa alikuwa na ruhusa tu, hujapoteza kitu ila mwezi mmoja. Ukimfungia nje naye akaonekana kuwa mpangaji, utakuwa umemwondoa mpangaji bila amri ya mahakama, na sheria ya 2022 inalihesabu hilo kuwa kosa. Mdaiwa wako atakuwa mlalamikaji, na wewe unayedai 1,250,000 ndiye utakayejibu maswali. Usimkatie umeme wala maji, usiondoe mlango kama wafanyavyo baadhi ya wenye nyumba wa mjini humu, na usimzuilie televisheni wala godoro kwa ajili ya deni. Anaweza kudai kwamba ndani ya begi mlikuwa na fedha, nawe hutakuwa na shahidi.

Notisi yenyewe iwe fupi. Iwe na tarehe, jina lake kamili, mahali nyumba ilipo, tarehe mliyokubaliana aingie, kiasi mlichokubaliana, miezi ambayo hajalipa, jumla ya deni, na siku anayotakiwa kuwa ameondoka. Usiweke matusi wala historia ya urafiki wenu. Mpe mkononi mbele ya shahidi asiye ndugu yako, kisha piga picha karatasi hiyo na umtumie pia kwenye simu, ili asije akasema hakuipata. Sitaji nambari za vifungu kwa makusudi, kwa sababu toleo jipya la Sheria za Uganda, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, limebadilisha nambari nyingi, na bado nawaona watu wakinukuu za zamani kwa sauti kubwa.

Mwenye Nyumba wa Bukoto:

Karani amesema vyema, ila kuna upande mmoja ambao wapangaji husahau. Kijana wangu, je, mwenye nyumba wako alikupa idhini ya kumwingiza mtu wa pili? Mikataba mingi hapa Kampala inakataza kupangisha sehemu ya nyumba bila idhini yake, na mimi binafsi nimewahi kuvunja mkataba wa mpangaji kwa jambo hilo. Usiende kwa LC wala mahakamani kabla hujazungumza naye, kwa sababu mwenzako akiona anabanwa, jambo la kwanza atakalofanya ni kumpigia mwenye nyumba simu na kukushitaki wewe.

Kuhusu zile fedha alizozituma yeye mwenyewe, hofu yako ina msingi. Mwenye nyumba akipokea kodi kutoka kwa mtu miezi miwili, akijua mtu huyo anaishi humo, mtu huyo anaweza kusimama na kudai kwamba amekubaliwa kama mpangaji wa mwenye nyumba mwenyewe, si wako. Dawa yake ni rahisi. Mwombe mwenye nyumba akuandikie barua ya mistari mitano, akisema kwamba mpangaji wake ni wewe peke yako, kwamba fedha zile alizipokea kwa niaba yako kama sehemu ya kodi yako ya 600,000, na kwamba hana mkataba wowote na huyo mwenzako. Mwenye nyumba mwenye busara ataiandika haraka, maana yeye pia hataki wapangaji wawili wanaogombana chini ya paa lake. Akikataa, basi ujue kwamba tatizo lako si la mtu mmoja.

Katibu wa Kijiji, Bweyogerere:

Mimi ni katibu wa LC1 katika kijiji chetu, na mambo ya namna hii tunayapokea karibu kila mwezi, kwa hiyo niseme kidogo yanavyokwenda kwetu, ingawa kila kijiji kina tabia yake.

Watu wengi huja kwa mwenyekiti wakitaka aandike barua ya kumfukuza mtu. Barua hiyo haipo. Mwenyekiti anaweza kumwita mtu, kumsihi, kushuhudia notisi na kugonga mhuri juu ya makubaliano, lakini mhuri wa kijiji si amri ya kumtoa mtu kitandani. Kilichopo ni mahakama ya LC iliyowekwa na Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya mwaka 2006. Mahakama hiyo inasikiliza madeni na mikataba ambayo thamani yake haizidi pointi 100, yaani shilingi milioni 2. Deni lako la 1,250,000 linaingia humo vizuri. Mawakili hawasimami humo, na mazungumzo huendeshwa kwa lugha ya mahali. Asiyeridhika hukata rufaa kwenda LC2, kisha LC3, na kutoka hapo kwa hakimu mkuu.

Faida ya kuanzia kijijini haimo katika nguvu ya hukumu peke yake. Mtu anayekwepa kuonana na mwenzake sebuleni huona vigumu kukwepa kikao ambacho yule mama anayemuuzia nyanya ni mjumbe wake. Nimeona wengi wakilipa kabla ya siku ya kusikilizwa kufika. Uje na jumbe za simu zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi, taarifa ya miamala yako ya kodi, nakala ya mkataba wako, na barua ya mwenye nyumba. Na kama huna kumbukumbu za tokeni za Yaka, acha kuzidai, kwa sababu madai yasiyo na ushahidi huwafanya wajumbe waanze kutilia shaka hata yale yenye ushahidi.

Jambo moja zaidi: angalia kama mwenzako aliwahi kuchukua barua ya utambulisho kutoka kwa mwenyekiti wenu, kwa ajili ya benki au kitambulisho cha taifa. Barua hiyo haimfanyi kuwa mpangaji, lakini inathibitisha kwamba anakaa hapo kwa kujulikana, na huwezi tena kusema kwamba ni mvamizi.

Mpangaji wa Kisaasi:

Nawashukuru sana, Mzee Karani, Mzee wa Bukoto na Mama Katibu. Nimezungumza na mwenye nyumba. Alinung'unika kidogo kwamba sikumwomba idhini, lakini barua ameiandika. Notisi nimeiandaa, na jirani yangu ambaye ni fundi cherehani amekubali kuwa shahidi. Kuna jambo limetokea jana usiku ambalo limenichanganya: mwenzangu amenitumia shilingi 100,000 kwenye simu bila maelezo yoyote. Je, nikizipokea nitakuwa nimekubali aendelee kukaa?

Karani Mstaafu:

Fedha za simu huingia bila kukuomba ruhusa, kwa hiyo kupokea umeshapokea. Kilichobaki ni kuzipa jina. Mwandikie leo hii kwamba umeziona, kwamba unazihesabu kama malipo ya mwezi wa kwanza kati ya miezi mitano anayodaiwa, kwamba deni sasa ni 1,150,000, na kwamba notisi utakayompa itabaki palepale. Hatari ipo pale ambapo mtu amekwisha kutoa notisi, siku ya kuondoka imepita, naye anapokea kodi ya mwezi mpya kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo mwenendo wake mwenyewe unaifuta notisi. Wenye nyumba wengi wamenaswa kwa ukarimu huo, kwani mdaiwa mjanja hulipa mwezi unaokuja na kuacha ile ya nyuma.

Kama kijijini hakutafaa, uko utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, uliowekwa na kanuni za mwaka 2011, kwa madeni yasiyozidi shilingi milioni 10. Humo nako mtu hujisemea mwenyewe bila wakili. Unaanza kwa kumpa mdaiwa hati ya madai yenye siku 14 za kulipa, na akinyamaza ndipo unapofungua shauri. Lakini kumbuka kwamba utaratibu huo ni wa fedha. Haumtoi mtu nyumbani. Akikataa kuondoka baada ya notisi, ombi la kumwondoa ni shauri la kawaida mbele ya hakimu, na anayeitekeleza amri ni dalali wa mahakama, si wewe na vijana wa bodaboda wa kwenye kona. Kwa shauri hilo, kama huna uwezo wa kumlipa wakili, jaribu kliniki ya msaada wa kisheria ya Law Development Centre, chuo cha mafunzo ya mawakili.

Mkazi wa Najjera:

Nakiri kwamba sikujua habari ya jumbe za simu. Yule mgeni wangu bado ananidai pasi yake ya umeme.

Mpangaji wa Kisaasi:

Narudi baada ya wiki sita ili kuwaeleza mambo yalivyokwenda, kwa kuwa nawachukia watu wanaouliza na kupotea.

Nilimpa notisi mkononi siku ya Jumamosi asubuhi, kabla hajatoka, mbele ya fundi cherehani. Aliisoma mara mbili, akauliza nani aliyeniandikia, akaingia chumbani. Wiki mbili zilipita kimya, nikampelekea mwenyekiti malalamiko yangu, na kikao kikawekwa Jumapili saa kumi chini ya mwembe wa mwenyekiti. Mwenzangu alikuja, jambo ambalo sikulitarajia. Alianza kwa kusema yeye ni mpangaji wa mwenye nyumba. Barua ikasomwa, akanyamaza. Kisha akasema kwamba jiko la gesi tunalotumia alilinunua yeye kwa shilingi 150,000, na kwamba nimekuwa nikilipikia miezi yote hiyo bila kulitaja. Hilo lilikuwa kweli, na nilikuwa nimelisahau kabisa. Niliona haya.

Wajumbe waliamua jiko libaki kwangu na thamani yake itolewe kwenye deni, kwa hiyo kutoka 1,150,000 tukafika shilingi milioni moja kamili. Atailipa kwa miezi minne, 250,000 kila mwezi, na aliahidi kuhama siku ileile iliyotajwa kwenye notisi. Makubaliano yaliandikwa na katibu katika kitabu, tukatia sahihi sote wawili, wajumbe wakashuhudia, na kila mmoja akapewa nakala yenye mhuri. Nilimtazama alivyokuwa akitia sahihi taratibu, herufi moja baada ya nyingine, nikakumbuka kwamba miezi tisa yote sikuwahi kuiona sahihi yake.

Amehama kwa hiari jioni ya siku iliyopangwa, na fungu la kwanza la 250,000 limeingia. Tatizo lililobaki ni kwamba ameacha kabati la mbao na magunia mawili chumbani, amefunga mlango, na ufunguo ameondoka nao. Ninaye mtu mwingine anayetaka chumba hicho mwanzoni mwa mwezi, na safari hii ameomba mkataba yeye mwenyewe. Je, sasa naweza kumwita fundi wa kitasa?

Katibu wa Kijiji, Bweyogerere:

Hongera kwa subira yako. Usimwite fundi leo. Mwandikie kwamba vitu vyake vipo, umpe siku ya kuja kuvichukua na kuleta ufunguo, tuseme wiki mbili, na umweleze kwamba siku hiyo ikipita utafungua chumba mbele ya mjumbe wa LC. Ikipita, mwite mjumbe na yule fundi cherehani wako, fungueni, andikeni orodha ya kila kilichomo hadi kandambili, pigeni picha, kisha kabati na magunia vihamishiwe mahali pakavu kwa mwenye nyumba. Magunia msiyafungue. Kitasa kipya uweke baada ya orodha kutiwa sahihi, na gharama ya fundi uiandike pembeni, lakini usiikate kwenye lile deni bila yeye kukubali, kwa sababu deni hilo sasa lina mhuri wetu juu yake.